Walivyompumzisha Asukulu

Harufu ile iliingia kwa dirisha la jikoni kwangu Rågsved, huku Sweden, mwishoni mwa mwezi wa nane, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na mwiko mkononi, mama mtu mzima, nikawa mtoto. Ilikuwa harufu ya muhogo ulioloweshwa mpaka ukakaribia kuoza, muhogo wa kutengenezea pombe. Nikachungulia nje. Kumbe ni Lennart, jirani yangu wa chini, mzee wa Kiswidi mwenye tumbo na roho nzuri, amefungua kopo la wale samaki wao wa kuvundika. Samaki wale, ndugu msomaji, ukiwafungua ndani ya nyumba hata mapazia hayatakusamehe. Ndiyo maana wanawala uani, wamefurahi. Lennart akanipungia mkono. Mjukuu wake alikuwa amemaliza jeshi, amerudi nyumbani. Wana neno lao la kumaliza jeshi, *mucka*, wakalisema huku wanagonga glasi, na kijana mwenyewe ameketi katikati, masikio mekundu, anaona haya ya kupendwa.

Nikafunga dirisha. Nilikuwa nimechelewa. Harufu imeshaingia, na mama yangu ameshaanza kucheza.

Alikuwa anacheza uwanjani kwetu, miguu mitupu, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, kitambaa cha kichwa kimedondoka na hakukiokota. Sikuwahi kumwona akicheza vile, mabega yanapanda yanashuka kama maji yanayochemka. Mbele yake, kwenye kiti chetu kizuri, ameketi mwanaume ameshika kibuyu cha pombe yetu. Mama yangu alicheza mbele ya mtu aliyemuua mwanawe, na mimi, mtoto wa miaka kumi, nikampigia makofi.

Ngoja nirudi nyuma, maana jambo hili halielezeki kuanzia hapo.

Sisi tulizaliwa milimani, juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, katika nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala chini yetu, mweupe, umefunika ziwa lote, na nilikuwa naamini kwamba dunia inaishia pale na sisi ndio tumebaki. Wakubwa wetu nao walitaka tuamini hivyo hivyo. Kwa serikali ya Kinshasa tulikuwa waasi. Sisi kwa sisi tulikuwa na serikali yetu, na bendera, na jela, na shule ambayo nilisoma miaka miwili tu kabla mabomu hayajaichoma. Darasani zilitundikwa picha za wazee wawili weupe wenye ndevu nyingi. Nilidhani ni wakwe zake Kamisaa, mkubwa wetu wa siasa. Kila kitu kilikuwa cha umma: shamba la umma, chumvi ya umma, mbuzi wa umma, ingawa mbuzi wenyewe hawakuambiwa, jioni waliendelea kurudi kwetu.

Na watoto pia walikuwa wa umma. Hapo ndipo alipoingia Sadoki Mulondani.

Nalitaja jina lake la nyumbani kwa makusudi. Kule alijiita Kamisaa Mwangaza. Kazi yake ilikuwa kufundisha siasa na kuchukua vijana. Alikuwa anakuja baada ya mavuno, matumbo ya watu yakiwa yameshiba na midomo imelegea, na askari wake nyuma. Hakuuliza umri, kwani nani alijua umri wake? Alisimamisha bunduki chini, mtutu juu, akaiegemeza kwa kijana. Mtutu ukikupita bega, wewe ni mtoto bado, rudi kwa mama. Bega likiupita mtutu, umekuwa wa umma. Nilikuwa nimewaona akina mama wakiwanong'oneza wanao wakunje magoti ndani ya suruali. Sadoki alikuwa anawapiga kidogo nyuma ya magoti kwa fimbo, hivi, kwa utani, huku anacheka, nao wakanyooka.

Kaka yangu Asukulu hakukunja magoti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kuchekea puani. Siku ile alinikonyeza mimi kwanza, ndipo akasimama wima. Mtutu uliishia kwapani. Wakampa jina la kazi, Ndugu Radi, na tukakatazwa kumwita kwa jina la nyumbani. Jina la nyumbani, Sadoki alisema, ni kamba ya mbuzi. Mama akakaa misimu yote ile bila kulitamka jina la mtoto wake. Wakati mwingine nilikuwa namwona midomo yake inacheza akipeta unga, haitoi sauti.

Sasa, kutoka jeshini. Hapo ndipo kwenye neno lenyewe, mnisikilize vizuri.

Askari wa msituni hakuwa na muda wa kumaliza. Aliingia, akabaki. Lakini akikatika mguu, au akipata kifua kibovu, au wakubwa wakimwonea huruma, wanamrudisha kwao, na kurudishwa huko kulikuwa kunaitwa kupumzishwa. Mzee Mlasi wa ng'ambo ya kijito alikuwa amepumzishwa, bomu lilichukua mguu wake. Mjumbe alitangulia kuja akasema, "Mlasi amepumzishwa," na mkewe papo hapo akaenda kuloweka muhogo. Hiyo ndiyo ikawa desturi. Ukipata habari, unaloweka muhogo, unaupondaponda, unachanganya na mahindi yaliyoota, na mpaka pombe ikomae mtu wako naye ameshafika. Mlasi alifika amebebwa kwa machela, akanywa kabla hata hajashushwa. "Mguu mmoja wa umma," akasema, "huu uliobaki ni wangu, na una kiu." Tulicheka wiki nzima.

Kwa hiyo yule mjumbe aliposimama mlangoni kwetu akasema, "Mama, Ndugu Radi amepumzishwa," wewe ungefanya nini? Mama alipiga kigelegele mpaka ndege wakatoka mtini. Hatukuona kwamba mjumbe hakukubali maji ya kunywa. Tukaloweka muhogo.

Zile siku za kungoja, hadi leo nikiwa nimelala nusu usingizi kwenye treni ya kwenda kazini, huwa zinarudi. Harufu ya muhogo ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye maziwa. Shangazi Wabiwa, dada yake marehemu baba, alikuja kupaka ukuta udongo mweupe na kuimba. Mama alikuwa ananiambia, "Mapendo, nenda karibu na kijito, usikilize kama kuna watu," na mimi nikikaa pale miguu majini nilikuwa nawasikia kweli, kila sauti ya maji ilikuwa ni kaka yangu anachekea puani.

Wakaja. Nilikuwa wa kwanza kuwaona, nikakimbia nikipiga kelele. Mama alitoka amefunga kitenge kipya, akasimama njiani, na kwa mara ya kwanza tangu wamchukue akaliita jina lake kwa sauti: "Asukulu! Asukulu wangu!" Ukungu ulikuwa unapanda, watu wakatoka mmoja mmoja kama wanazaliwa, Sadoki, kisha askari wake. Kisha hakutoka mtu mwingine.

"Yeye yuko nyuma?" mama akauliza.

Sadoki alikaa kwanza. Akaomba pombe, akanywa, akafuta masharubu. Watu walikuwa wameshajaa uwanjani, na wapiga ngoma waliokuja kumpokea kaka. Akasema kwa sauti ya kirafiki, sauti ya mtu anayesimulia kichekesho:

"Kijana wako aliomba ruhusa, mama. Alisikia baba yake amefariki, akataka aje akulimie. Akatuandama, akatuandama: nipumzisheni, nipumzisheni. Bon, sawa. Kamanda Chuma akakubali. Tukampumzisha."

Askari wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa wakubwa wamecheka. Nikatazama njiani nikingoja atoke.

Sadoki akainamisha kichwa pembeni. "Naona mama amenyamaza. Ana huzuni? Anayemlilia mtoro, na yeye tunamwitaje? Na yule binti wako, mbona bega lake linakaribia mtutu?"

Mama alinitazama. Nakumbuka macho yale, yalinipita kama mtu anayepima mlango kabla ya kupitisha kitanda. Kisha akawageukia wapiga ngoma.

"Mmekuja kukaa?" akasema. "Pigeni!"

Akacheza. Shangazi Wabiwa akajaribu kumshika mkono, mama akamsukuma. Alicheza mpaka jua likakaa juu ya mlima, akamimina pombe kwa mikono yake mwenyewe, akampa Sadoki kipande cha kuku cha mwanaume. Sadoki akapiga makofi, akasema, "Huyu ndiye mama wa mapinduzi!" Na mimi nikapiga makofi kwa bidii kuliko wote, kwa sababu nilidhani furaha ile ya mama maana yake kaka yuko karibu kabisa, labda kesho. Nilimwekea paja la kuku, nikalifunga kwenye jani, nikalichomeka kwenye nyasi za paa. Siafu ndio waliolipumzisha lile paja.

Na baada ya hapo nikamchukia mama. Ndiyo, kwa sababu aliacha kumsubiri. Hakuniagiza tena kijitoni. Na akawa mvivu, ndivyo nilivyoona. Yeye aliyekuwa fundi wa moto, anasifiwa nyumba hadi nyumba, akawa anapikia kuni mbichi. Kila siku kuni mbichi, jiko limejaa moshi, sisi tunakohoa, na mama ndani amekaa mbele ya mafiga, macho mekundu, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Nikimlalamikia ananiambia, "Kuni mbichi zina wema wake." Sadoki alipita mara moja, akamkuta hivyo. "Mama, unalia?" "Moshi, Kamisaa." "Tafuta kuni kavu." "Nitatafuta."

Hakutafuta. Mama alipikia kuni mbichi miaka yote tuliyokaa milimani.

Kuja kuelewa, nilikuwa mke wa mtu, tumevuka ziwa tumekimbilia kambini Tanzania, na mama tumeshamzika. Nilikuwa nahangaika na moto wa kambini, kuni za mgao, zimelowa mvua, nikasema kwa uchungu, "Kama mama, hata kuwasha moto sijui." Shangazi Wabiwa, mzee sana sasa, akanipiga kofi la shavuni, si kwa nguvu.

"Wewe mtoto mjinga," akasema. "Mama yako alikuwa analia. Ungetaka akalilie wapi? Kilio cha msiba kilikuwa ni kesi. Alicheza ili wakuache wewe. Halafu akatafuta moshi."

Nikakaa chini matopeni.

Nikaanza kuuliza uliza kambini. Askari wa zamani walikuwa tele, wamezeeka, wanauza tumbaku. Mmoja aliniambia kwamba pale makao makuu lile neno lilikuwa na milango miwili. Mwenye mguu uliokatika alitokea mlango mmoja. Mwenye miguu mizima aliyeomba kwenda kwao alitokea ule mwingine. Neno lilikuwa moja kwa makusudi, ili akina mama waloweke muhogo badala ya kupiga yowe, na yowe lisiwafikie vijana wengine ambao bado wanahitajika. Alisema Kamanda Chuma alitoa amri na Kamisaa Mwangaza ndiye aliyekwenda na kaka yangu. Zaidi ya hapo hakujua.

Chuma amekufa kwa malaria, sina kesi na kaburi. Lakini Sadoki hakufa. Mungu aliyenileta Sweden alimleta na yeye, kwa ndege, na koti la baridi akapewa kama mimi. Nilimwona kanisani Tumba, si mbali na kwangu, baada ya ibada ya Wakongo na Warundi, ameshika kikombe cha kahawa na mkate wa mdalasini, ni mzee wa kanisa, vijana wanamkimbilia kumshika mkono. Masharubu yamekuwa meupe. Nilimjua kwa namna anavyoyafuta.

Nikamsogelea. "Jambo, Kamisaa Mwangaza."

Kikombe kikasimama hewani. "Hapa hakuna kamisaa, mama. Hapa mimi ni Baba Sadoki."

"Mimi ni dada yake Asukulu. Radi. Yule mliyempumzisha."

Alinitazama, nikaona anatafuta, si kwamba anakana, anatafuta yupi kati yao. Hilo liliniumiza kuliko yote.

"Bon," akasema. "Zile zilikuwa siku za vita. Sote tulikuwa vijana. Tumwachie Mungu."

"Mungu hakuwepo kwenye serikali yenu. Mlimfukuza shuleni, nilikuwepo."

Mtu akacheka nyuma, akajua hapakuwa na kichekesho, akanyamaza. Binti yangu Furaha akanivuta mkono wa koti. "*Mamma, kom nu,*" akanong'ona, twende, mama, watu wanatuangalia. Kwenye treni akaniuliza, kwa Kiswidi, ni nani yule babu. Nikamwambia yote, kituo hadi kituo, kwa Kiswahili, naye alipolia hakujificha. Alilia ndani ya behewa, watu wakiona, na nikamwacha alie.

Sikusoma sana, sijui kwenda mbele ya mahakimu. Lakini naandika na nataja. Sadoki Mulondani, unayekaa Tumba, unayegawa mkate wa Bwana kwa mkono uleule: simama hiyo Jumapili yako, mbele ya hao vijana wanaokukimbilia, ujibu kwa Kiswahili, lugha uliyomdanganyia mama yangu. Mlipoondoka makao makuu na Asukulu mlielekea wapi? Upande gani wa mto? Alisema nini? Mlimfukia, au mlimwacha juu? Mama alikufa hajui mahali pa kugeuzia uso. Mimi nikifa, mwanangu ataendelea kukuuliza, na yeye hakufundishwa kunyamaza. Kwa hiyo usinitajie Mungu, wala vita, wala kupumzisha. Sema, "Nilimuua." Kisha sema ni wapi.