Dada Yangu Alimzika Mama Akiwa Hai

Mama yangu alisikia habari za kifo chake kwenye televisheni, kijiko cha gumbo, mchuzi wetu mzito wa kamba, kikiwa mkononi.

"Nilimpoteza mama nikiwa na miaka kumi na sita," mwanamke mmoja alikuwa akilia pale. Suti ya bluu, lulu shingoni.

Mwanamke huyo ni Clothilde, dada yangu wa tumbo moja.

Mumewe, Randall Haskew, alikuwa anagombea useneta wa jimbo letu la Louisiana. Kwenye kampeni mke yatima anauzika. Mama anayemenya kamba wa kinamasi kiwandani, aliyemsomesha kwa vidole vilivyopasuka, anatia aibu.

Mama alizima televisheni. Gumbo hakumaliza. Nikaapa Clothilde atanitambua.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ikafika. Siku hiyo kwetu kila familia huenda kupaka chokaa makaburi ya watu wake. Nikasikia dada anakuja na waandishi wa habari, eti kupaka kaburi la mama.

Asubuhi Mama akabeba ndoo yake ya chokaa aende kaburini kwa marehemu baba, kama kila mwaka.

"Kunywa kahawa kwanza, Mama," nikamwambia. "Haraka ya nini?"

Nilitaka kamera zijae.

Tulipofika, Clothilde alikuwa amepiga magoti mbele ya kaburi la baba, brashi ya chokaa mkononi, mumewe kando yake. Jina la Mama lipo kwenye jiwe hilohilo. Kwetu mume akitangulia, la mke huchongwa papo hapo, unabaki mwaka wa kufa tu.

Mwandishi mmoja akainama kusoma. "Mbona mwaka aliofariki mama yako haupo?"

"Fundi hajamalizia," Clothilde akajibu, anafuta machozi.

"Mwambie asiharakishe," Mama akasema nyuma yake.

Dada aligeuka, brashi ikamponyoka.

Jirani yetu Bi Eunice, ambaye mdomo wake hauna breki, akapaza sauti: "Haya Odile, njoo uone binti yako anavyokuzika!"

Watu wakaangua kicheko. Clothilde akamng'ang'ania Mama mkono, ananong'ona: "Mama, nakuomba. Sema wewe ni shangazi yangu."

Mama akautoa mkono wake.

Randall ndiye aliyenishangaza. Alimkodolea macho mkewe. "Miaka kumi na miwili tumeoana. Mama yako yupo hai?"

Kumbe hata yeye alichezewa!

Akavua kofia. "Mama mkwe, nisamehe. Sikujua."

"Wewe sina neno nawe, baba," Mama akasema, sauti imetulia. "Kura yangu ningekupa. Ila mkeo keshanizika, na marehemu hapigi kura."

Kamera zote zilinasa.

Kwenye uchaguzi Randall aliangushwa vibaya sana. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sijutii hata kidogo.

Ndugu zangu, ukimkana mzazi ili upendwe na watu, jiandae kubaki na hao watu.

Clothilde hupiga simu kila Jumapili. Jana nilimpelekea Mama simu, nikamwambia dada analia.

Mama aliendelea kumenya kitunguu. "Mwambie bado sijafufuka."