Kurasa Sitini na Moja za Shukrani

Ibtihal alikuwa na ugomvi na mtandao mzima, na ugomvi huo aliuandika. Kazi yake ya mchana ilikuwa kutengeneza programu kwa ajili ya wauza samani wa mji wa Dumyati. Baada ya kazi alikuwa na ukurasa wake mdogo alioupa jina la Daftari, na humo alitupia chochote alichokutana nacho: kivinjari kipya kinachokata maneno ya Kiarabu katikati, tovuti yenye madirisha yanayokurukia usoni kabla hujasoma hata mstari, video inayoanza kupiga kelele bila kuombwa. "Aliyebuni hili," aliandika siku moja, "namwombea maisha marefu, na jirani mpiga ngoma." Wasomaji wake walikuwa kama mia mbili, na mmoja wao alikuwa baba yake, aliyesoma ili amsahihishe sarufi.

Baba huyo, Ustadhi Bahgat, alifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Alasiri zake zote zilikwisha kwenye karakana za maseremala, akiandika maneno yao: majina ya viungio vya mbao, ya patasi, ya aina za nyufa, hata matusi anayotukanwa fundi aliyekata ubao mfupi. Mwaka 1996 aliyachapa yote, maneno elfu tatu na ushei, kwa programu ya Kiarabu iliyosifiwa sana enzi hizo na ambayo leo hata kaburi lake halijulikani. Sasa jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazimika, na daktari alisema la kulia huenda lisiyaone majira ya baridi.

"Nataka kusoma faili langu," alimwambia bintiye mwezi wa tisa. "Kwa jicho langu mwenyewe. Herufi kubwa, kama za mabango ya uchaguzi."

"Dakika tano tu, baba."

Dakika tano hizo zilikuja kumtokea puani.

Faili lilifunguka likiwa limejaa visanduku na mikwaruzo. Ile programu ya zamani ilizipa herufi namba zake yenyewe, na bila jedwali la namba hizo hakuna anayejua ipi ni herufi gani. Ibtihal akajaribu kukisia. Kitabu cha kawaida kinakisika: unapata neno moja, nalo linakuvutia la pili. Lakini maneno ya maseremala hayamo katika kamusi yoyote, na ndiyo sababu baba aliyaandika. Kila alichokipata alimsomea mzee.

"Hilo si neno," baba alisema. "Hicho ni kikohozi."

Siku ya sita, katika jukwaa moja la zamani la mazungumzo, akaona kichwa cha habari kuhusu programu ile ile, kilichomfanya ainuke kitini: "Jedwali kamili la herufi, bure kwa ndugu zangu." Mwandishi alijiita Mateka wa Huzuni, na chini ya jina lake palikuwa na waridi linalokonyeza. Chini ya waridi yakafuata maneno: "Maudhui yamefichwa. Toa jibu la shukrani ndipo uyaone."

Waliokuwa vijana enzi za majukwaa hayo wanaujua ugonjwa huu. Mtu anaficha alichonacho, wewe unashukuru kabla hujapewa, ndipo pazia linafunguka. Sasa Ibtihal angeshukuru vipi, na jukwaa limefunga mlango kwa wanachama wapya tangu miaka kumi iliyopita? Ilibaki njia moja, kuzisoma shukrani zote, kurasa sitini na moja, akitumaini kwamba angalau mropokaji mmoja alilitaja lile jedwali. "Mungu aibariki mikono yako." "Kazi ya kifalme." Mawaridi, mioyo, njiwa wanaopepea. Watu mia sita, na hakuna aliyeropoka. Maisha yake yote hakuwahi kuona umati wenye siri namna hiyo.

"Umefika wapi?" baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Ukurasa wa ishirini na saba wa asante!"

"Kwani wanashukuru nini?"

"Ningejua ningekuwa nimeshamaliza, baba! Hakuna anayesema!"

"Ningewapa sifuri wote hao."

Katika ukurasa wa thelathini na nane palikuwa na mtu aitwaye Lulu ya Dumyati. "Kazi nzuri mno," aliandika, "imenisaidia sana sana." Ibtihal aliutazama mstari ule mpaka masikio yakamwaka moto. Lulu ya Dumyati alikuwa yeye, akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni. Alikuwa akishukuru kila mahali bila kusoma, kwa sababu ukifikisha majibu mia unapewa nyota ya dhahabu kando ya jina. Nyani haoni kundule.

Nenosiri lilikuwa jina la paka wao wa zamani. Akaingia, na kwa kuwa alikwisha kushukuru, pazia likafunguka lenyewe.

"Ndugu zangu," Mateka wa Huzuni aliandika, "jedwali hilo hata mimi nalitafuta. Nimeficha kwa sababu nikiuliza wazi hakuna anayejibu. Anayejua aniambie."

Ibtihal alipiga ukelele mpaka msumeno wa karakana ya chini ukanyamaza. Watu mia sita! Na yeye mmoja wao, imemsaidia sana sana! Akamwandikia Mateka ujumbe usio na salamu: "Ulilipata au hukulipata?"

Siku mbili baadaye jibu likaja. Ujumbe ulikuwa umemfikia kwa barua pepe. Aliitwa Tharwat, karani mstaafu wa mji wa Asyuti. "Nililipata mwaka 2011, dada yangu, katika kijitabu cha programu yenyewe, kwa muuza vitabu chakavu. Nikasahau kurudi kusema." Na picha nne za kurasa, safi kabisa.

"Amesahau kurudi kusema!" Ibtihal aliwaka. "Mtu husahau mwavuli! Hili nalo ni la kusahau?"

"Mshukuru," alisema baba.

Alimshukuru huku ameuma meno. Kufikia alasiri alikuwa amemaliza programu fupi ya kugeuza zile namba kuwa herufi, na jedwali akaliweka Daftarini, wazi, na mstari mmoja chini yake: "Chukua uende. Usinishukuru, nakusihi."

Kisha akamketisha baba mbele ya skrini. Herufi moja ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Mzee alisogeza pua karibu na kioo, akasoma midomo ikicheza, neno baada ya neno, akicheka peke yake kwenye matusi. Baada ya saa nzima akaegemea nyuma.

"Sasa nisomee wewe."

"Baba! Si ulisema kwa jicho lako? Siku zote hizi nimehangaika na wendawazimu ili upate kusoma mwenyewe, na umebakiza karibu yote!"

"Nimeyaona, yapo. Baridi haiko mbali, mwanangu. Acha niizoee sauti yako ningali naiona sura yako."

Ibtihal alikuwa na hasira na watu mia sita siku hizo, na kwa hili hakumwona hata mmoja wa kumkasirikia. Akavuta kiti, akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, akaanza kusoma. Neno la tatu alilikosea, na baba akamsahihisha bila kugeukia skrini, kwa kuwa muda wote huo alikuwa akimtazama yeye.