Kibuyu Kilichosema Kaaga

Niliondoka Embu asubuhi moja bila mpango wowote. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimekaa miezi kadhaa kwenye kibanda cha juisi karibu na steji, nikikamua machungwa na kusaga maparachichi, na asubuhi hiyo nikamwona dereva wa lori akikaza turubai juu ya makreti ya nyanya za Mwea. Nikamuuliza anaelekea wapi.

"Meru. Gakoromone."

"Kuna nafasi?"

"Kama utasaidia kushusha."

Nikaenda kuchukua mfuko wangu. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba: nikisikia jina la mahali nisipopajua, miguu inaanza kuwasha. Barabara ile ina kona nyingi na mito mingi, na kwenye kila daraja nilimuuliza dereva mto unaitwaje, maji yanatoka upande gani wa mlima, na kwa nini huu ni mwekundu na ule ni mweupe. Tulipofika Nkubu aliniambia hajawahi kubeba mzigo wenye maswali namna hiyo.

Sokoni Gakoromone tulishusha nyanya. Nilipokuwa nikipangusa mikono nilimwona mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, akichagua pasheni moja moja. Alikuwa akichukua zile laini zinazong'aa na kuacha zilizokunjamana.

"Mama, hizo bado ni chachu," nikamwambia. "Chukua hizi zenye makunyanzi kama ya nyanya yako."

Akanitazama juu ya miwani. "Nyanya yangu alizikwa na uso laini kuliko wako."

Wauza matunda walicheka. Lakini alizirudisha zile laini, akachukua za makunyanzi, kisha akaniuliza nimejifunzia wapi mambo ya pasheni. Nilipomwambia nimetoka kwenye kibanda cha juisi, akaniangalia tena, safari hii kama mtu anayepima kitambaa. "Beba hiki kiondo," akasema. "Nina shida nyumbani. Huenda ni wewe niliyetafutiwa."

Hivyo ndivyo nilivyofika Kaaga, pembeni mwa mji wa Meru. Watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule moja ya hapo, akastaafu, akabaki peke yake katika nyumba ya mawe yenye migomba nyuma na kitambaa cheupe cha kufuma juu ya kila kiti. Mumewe alikuwa amekufa kwa sababu ya pombe. Siku ya mazishi Mwalimu aliapa mbele ya kanisa kwamba pombe haitaingia tena katika nyumba hiyo.

Sasa binti yake wa pekee, muuguzi huko Embu, alikuwa amepata mchumba kutoka Mbeere. Wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari, na kama desturi inavyotaka walikuwa wametuma asali mapema, mtungi mzima, ili itengenezwe uuki, pombe ya asali ambayo wazee wa pande mbili huinywa ili maneno yao yashike. Mtungi ulikuwa stoo, umefunikwa kwa taulo kama mgonjwa.

Shemeji yake, ndugu wa marehemu, aliishi juu kidogo ya mteremko. Alikuja jioni ile ile, akaketi, akakubali uji, akasema:

"Mwalimu, kiapo chako nakiheshimu. Lakini mimi siwezi kuozesha mtoto wa ndugu yangu kwa soda. Soda ni ya watoto wa shule ya Jumapili."

"Nitatengeneza kinywaji kwa asali ile ile."

"Maji ya asali? Hayo ni dawa ya kifua."

"Shemeji, sema unataka nini."

Mzee akachukua kibuyu kilichokuwa kikining'inia ukutani kama pambo, akakiweka sikioni. "Uuki lazima useme. Ukiweka sikio hapa usikie tsss, kama watu wanaoteta. Kinywaji kilicho kimya kimekufa, na hatuwezi kumwozesha mtoto kwa kitu kilichokufa. Siku hiyo nitasikiliza. Kibuyu kikisema, hata sitauliza ndani kuna nini. Kikinyamaza, nitawainua wazee na wageni na asali yao, twende kwangu. Kwangu umeshapikwa."

Alipoondoka, Mwalimu alikaa muda mrefu akinyoosha kitambaa cha kiti ambacho hakikuwa kimekunjika. "Unaona," akaniambia. "Nitakuwa mgeni siku ya kutolewa kwa mtoto wangu. Nitapanda kule juu nimebeba mkoba, nikaribishwe chai."

Nikamwambia tutakifanya kiseme. Sikujua jinsi, lakini nilitaka sana kujua.

Akanipa chumba kidogo kando ya jikoni. Nilianza na nilichokijua. Nilipasha maji, nikayeyusha asali, nikatia tangawizi iliyokunwa na juisi ya pasheni, nikamimina ndani ya chupa na kuzifunga. Nilikuwa nimeona mahali fulani kwamba ukiziacha kwenye joto zinajitengenezea povu. Kweli zilijitengenezea. Kina mama wa kanisa walikuwa sebuleni, Biblia mapajani, chupa moja ilipolipuka stoo kama bunduki. Mwenyekiti wao alisema, "Bwana asifiwe," kwa mshtuko tu. Walipokwenda, Mwalimu alionja kijiko kimoja kutoka chupa nyingine, akaufunga mdomo, akatoka nje na kuzimwaga zote kwenye mizizi ya migomba.

"Hii imeshaanza njia ya kuwa pombe," akasema. "Naijua harufu hiyo. Nimelala nayo."

Kesho yake alinituma mjini kununua nyama ya mbuzi ya kumjaribu mpishi wa siku hiyo. Nilikwenda kwa mchinjaji mmoja Mwislamu karibu na msikiti, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na maneno mengi. Wakati akikata mbavu nikamuuliza: nyinyi hamnywi pombe, na harusi zenu huwa na vinywaji vyenye povu. Mnafanyaje?

Akaweka panga chini. "Unauliza kwa nini? Unataka kusilimu?"

"Nataka povu."

"Kijana, gesi haina dini." Akamwita jirani yake wa duka asikie, wakacheka wote wawili. Kisha akanieleza vizuri. Ninunue maji ya soda, yale yasiyo na sukari wala rangi. Niyaweke kwenye barafu mpaka chupa itoe jasho. Juisi iwe nzito na baridi vilevile. "Soda iingie mwisho, taratibu, kwa ukingo. Na usikoroge. Ukikoroga umeua."

Nakumbuka siku zilizofuata kuliko nyingi nilizoishi. Mwalimu na mimi tulikuwa jikoni, mlango wazi, jua likiingia hadi kwenye miguu ya meza. Tulichemsha asali kidogo na maji na tangawizi, tukaiacha ipoe. Tulikamua pasheni kwenye kichujio, mbegu zikilia dhidi ya kijiko. Tukaongeza matunda damu, yale mekundu yenye umbo la yai, tukiyamenya kwa maji moto, na maji ya ndimu ili utamu usichoshe ulimi. Yeye alionja, mimi nikaonja. Alikuwa na tabia ya kufumba macho akionja, halafu kutoa alama kama anasahihisha insha.

"Sita. Tangawizi imezidi."

"Mwalimu, jana hii hii uliipa nane."

"Jana nilikuwa na kiu."

Kisha maji ya soda kwa ukingo wa glasi, na rangi ile ikapanda yenyewe kutoka chini, nyekundu ikigeuka dhahabu karibu na juu, povu likikimbia. Tukaweka masikio kwenye glasi zetu, watu wazima wawili, tukasikiliza. Alicheka hadi akavua miwani. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyenipa alama nane kwa jambo lolote.

Siku yenyewe wageni wa Mbeere walifika na shuka mabegani na wimbo mlangoni. Nyumba ikajaa, wengine wakakaa kwenye mabenchi uani. Binti alikuwa amefungiwa chumbani na marafiki zake. Mimi nilikuwa jikoni na kibuyu kilicholowekwa ndani ya beseni la barafu. Juisi ilikuwa ndani tayari. Chupa za soda zilikuwa zinatoa jasho. Nilisubiri neno.

Nikamsikia mzee wa kanisa akisema, "Tuombe."

Nikafikiri: vizuri, sala, halafu kinywaji. Nikamimina soda taratibu kwa ukingo, povu likapanda hadi shingoni, nikaziba kwa gunzi la mahindi. Nilikuwa nimetoka Embu juzi juzi na sikuwa nimemsikia mzee yule akiomba.

Aliombea safari ya wageni. Aliombea gari lao, na barabara, na wanaojenga barabara. Aliombea mvua, halafu akaiombea iwe ya kiasi. Aliombea serikali, wagonjwa, vijana wanaotafuna miraa na wale wanaoiuza. Niliweka sikio kwenye kibuyu. Kilikuwa kinasema kwa sauti, halafu kwa sauti ya chini, halafu kama mtu anayenong'ona akielekea kulala. Chupa za akiba hazikuwa na kazi. Kibuyu kilikuwa kimejaa, na kufungua gunzi ilikuwa kuachia hata kidogo kilichobaki.

Nilichungulia sebuleni. Vichwa vyote vilikuwa chini. Mwalimu alikuwa karibu na mlango wa jikoni, macho yamefumbwa, mikono imeshikana. Nikakohoa kidogo. Akafungua jicho moja. Nikaelekeza kidole kwenye kibuyu, kisha nikapitisha kidole hicho shingoni kwangu.

Mzee wa kanisa alikuwa amefika kwenye mataifa jirani. Akavuta pumzi.

"Amina!" akasema Mwalimu kwa sauti ya darasani.

"Amina," wakasema watu wote, kwa sababu watu wakisikia Amina huitikia. Na kabla mzee hajapata mahali pa kuanzia tena, Mwalimu alikwisha kuanzisha pambio, kina mama wakalipokea kwa makofi, na mimi nikatoka jikoni na kibuyu mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mzee wa kanisa alimtazama Mwalimu, mdomo ungali wazi. Mwalimu alipiga makofi akitazama dari.

Shemeji alisimama. Wimbo ukaisha. Akachukua kibuyu, akakitikisa mara moja tu, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria na ambalo ninaamini lilituokoa, akakiweka sikioni. Alisikiliza. Wakwe wakamtazama. Mwalimu alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha kiti.

"Kinasema," mzee akasema hatimaye. "Kinasema kama mtoto. Lakini kinasema."

Akamimina ndani ya pembe. Binti akaletwa, amefunikwa shuka, akaulizwa kama wazee wanywe kinywaji cha watu hawa au wasinywe. Akajibu, "Nyweni," akapiga funda la kwanza, akampa kijana wake. Pembe ikazunguka. Mzee mmoja wa Mbeere alipiga chafya mara mbili, akasema kimempanda puani, akaomba tena. Shemeji alikunywa, akainua pembe mara ya pili. "Hakuna aliyeuliza ndani kuna nini," akasema, akimtazama Mwalimu, naye Mwalimu akaenda kuketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Jioni shangazi wa bwana harusi, mama mrefu mwenye sauti nzito, aliingia jikoni na glasi tupu. "Nani alipika hii?"

"Kijana wangu," Mwalimu akasema, bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

Nimeitwa mambo mengi katika maisha yangu. Neno lile lilinifanya nisugue sufuria safi.

"Basi tuazime," shangazi akasema. "Mtakuja kwetu kurudisha ziara, na wazee wetu ni wakali kuliko huyu wenu wa masikio. Nataka hii iwe tayari."

"Huyo si wa kuazimwa. Ni wa kutembea. Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakanigeukia. Mwalimu alikuwa anafuta mikono polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Ningeweza kusema nitabaki, na ninajua chumba kile kidogo kingekuwa changu. Nikamuuliza shangazi huko kwao kunaota nini.

Asubuhi Mwalimu alinifungia chupa ya asali iliyobaki kwa gazeti, akanisindikiza hadi kwenye pikapu ya wageni. "Saba na nusu," akasema kupitia dirishani. Hakuniambia ni alama ya nini.

Siku hizi natengeneza kinywaji hicho katika kila chumba ninachopanga, hata pasipo na barafu, na bado naweka sikio kwenye glasi kabla ya kunywa. Sijawahi kukipata kama cha Kaaga.

Asubuhi ile tuliteremka na joto likapanda. Mashamba ya chai yakaisha, migomba ikaisha, ardhi ikawa nyekundu na kavu, na mizinga ya magogo ikaanza kuonekana ikining'inia kwenye migunga. Mchana tulifika kwa shangazi, nje kidogo ya Siakago. Alinipeleka nyuma ya nyumba hadi chumba cha matofali ambacho walikuwa wakiwekea vifaa vya nyuki. Kilinukia moshi na nta. Akasogeza mzinga mkuukuu hadi kona, akaleta godoro, akatingisha vumbi.

"Utalala hapa. Maji yako kwenye pipa lile. Choo kiko kule."

Nje ya dirisha palikuwa na mti mkubwa wenye maganda ya kahawia. Nikatoka, nikaokota moja, nikalivunja na kuonja. Uchachu ukanifumba macho yote mawili.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Ukwaju. Hujawahi kula ukwaju? Kwani wewe ulilelewa wapi?"

Nikaweka mfuko wangu juu ya godoro, nikamwomba sufuria.