Nyumba ya Bibi Iliyogeuka Kituo cha Bodaboda

Kilichoninyima usingizi kilikuwa kigingi. Kigingi cha mti, unene wa kidole gumba, nilichokichonga mwenyewe na kukigongea pale boriti mbili zinapokutana. Kimeingia vizuri. Je, kitatoka? Kikigoma, nyumba ya bibi itabaki Sofu, na bibi mwenyewe yuko Kisarawe. Kikitoka kirahisi, basi kitatoka kirahisi hata bibi akiwa amelala ndani. Niligeuka kitandani kutoka hofu ya kwanza kwenda ya pili, na zote mbili zilinikaribisha.

Nilimaliza shahada ya historia bila kupata kazi, na kitu pekee nilichotoka nacho chuoni kikiwa hai kichwani ni mafundi wa Ulaya wa zama za kati. Wale hawakuanzia kazi kiwanjani. Mifupa yote ya nyumba, nguzo na boriti, waliichonga kwenye karakana, ulimi wa mti huu ukiingia kwenye tundu la mti ule. Walitia alama kila kiungo, wakaisimamisha kwa majaribio, kisha wakaifumua na kuipeleka kwa mkokoteni hadi kwa mwenyewe. Huko iliunganishwa upya, ikazibwa kwa fito na udongo. Nilipofika kwenye fito na udongo nilishtuka. Hiyo ni nyumba ya bibi yangu.

Ya bibi ilikuwa imeliwa na mchwa. Ukuta mmoja ulilala nje, bibi akahamia banda la jiko pamoja na kuku, na akakataa katakata kuja kukaa kwetu Kibaha. "Nikawekwe kwenye matofali kama gunia stoo?" Banda lilikuwa linavuja, na masika inakaribia. Nikamwahidi nyumba.

Mjomba wangu ni seremala wa vitanda na milango pale Sofu, hukohuko Kibaha. Alinipa boriti na kona ya kiwanja chake kilicho kando ya barabara. Kusema kweli ningeweza kuchongea Kisarawe, lakini nilijiambia kama itaanguka, ianguke kwanza mahali ambapo bibi haoni.

"Misumari imekukosea nini?" mjomba aliniuliza.

"Mjomba, ikiwa na misumari haitafumuka."

"Na nani kakwambia nyumba inatakiwa ifumuke?"

Alipoona alama nilizokata kwa patasi kwenye kila kiungo, akaita wenzake. "Njooni muone! Msomi kazichanja chale mbao zangu. Zimelogwa."

Tukaisimamisha siku ya Jumamosi, ikasimama. Mjomba aliizunguka, akaisukuma kwa bega, kisha kwa mgongo, ikabaki imesimama. Kilichobaki ni kuifumua na kuipakia. Hapo ndipo kigingi kiliponiingia kichwani. Nikasema kesho. Kesho nikasema kwanza mbao zizoeane.

Wakati mimi nawaza, mama wa vitumbua aliyekuwa akikaa juani ng'ambo ya barabara akavuka na kutundika chujio lake kwenye nguzo ya kona.

"Mwanangu, kuna mtu anakaa humu?"

"Bado, mama."

"Basi."

Bodaboda wakafuata vitumbua, wakafunga turubai juu ili wapate kivuli. Kamati ya harusi ikahamishia vikao vyake humo, kwa sababu nyumbani kwa bwana harusi hakukuwa na viti. Humu pia hakukuwa na viti, ila kulikuwa na vitumbua. Kisha siku moja nikiwa kwenye kituo cha basi cha Kwa Mathias nikamsikia abiria aliyeshuka kwenye basi akimwambia bodaboda, "Nipeleke Mifupani." Bodaboda hakuuliza ni wapi. Akawasha pikipiki.

Bibi akapiga simu. "Mume wangu, hiyo nyumba inakuja, au nayo umeipeleka chuo?" Nyuma ya sauti yake kuku walikuwa wanalalamika. "Jana kumenyesha kidogo. Nimelala nimekaa."

Mtu mwingine angeiondoa tu. Mimi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumweleza kwamba naomba kuondoa nyumba yangu. Akaitisha kikao. Kikao kikafanyika ndani ya nyumba.

"Tatizo si nyumba," alisema mwenyekiti, ameegemea nguzo yangu. "Tatizo ni kwamba ukiiondoa, watu watashukia wapi?"

"Hapahapa, mzee."

"Hapa wapi? Pataitwaje?"

"Mifupani."

"Mifupani bila mifupa? Kijana, utatupotezea wageni."

Bodaboda wakaguna kumuunga mkono. Mama mmoja wa kamati ya harusi akasema kadi zimeshachapwa na zinaelekeza watu washuke Mifupani. Nikaanza kuwaonea huruma. Nikaanza hata kuwaza kwamba pengine bibi ndiye ahamie hapa, azoee vitumbua.

Matone ya mvua yakagonga turubai. Kikao kizima kikatazama juu, kikasogea ndani zaidi, kikakaa pakavu. Mimi nikaliona akilini banda la jiko la bibi.

"Mzee," nikasema, "Kwa Mathias watu wanashuka kila siku. Nani hapa amewahi kumkuta huyo Mathias?"

Mwenyekiti akawatazama bodaboda. Bodaboda wakazitazama pikipiki zao.

"Mimi nilidhani kahama," mmoja akasema.

"Kahama, na bado tunashuka," nikamjibu.

Mwenyekiti akafungua mdomo. Sikumsubiri, maana ningesubiri ningeanza kuwaza. Nikachukua nyundo ya mti ya mjomba, nikapanda juu ya ndoo, nikakilenga kigingi cha kona na kugonga. Hakikutikisika. Nikagonga kwa nguvu. Kikatoka taratibu kama jino la mtoto, na boriti ikabaki palepale, imekalia ulimi wake.

"We mwanangu we!" mama wa vitumbua akapiga kelele. "Subiri basi nishushe mafuta!"

Nikasubiri akashusha karai. Bodaboda wawili wakashika ncha za boriti bila kuombwa, mjomba akatoka kwenda kutafuta kenta ya kupakia mbao, na mimi nikasogeza ndoo hadi kwenye kigingi cha pili.