Waliobaki Chini ya Ngazi Sita

"Umewaandika waliopanda. Sisi tulioshindwa kupanda umetuandika wapi?"

Mwanangu, swali hilo niliulizwa saa nane mchana, jua likiwaka, mbele za watu, na digrii yangu ya chuo kikuu haijatimiza hata mwaka. Aliyeniuliza alikuwa hajui kusoma wala kuandika.

Nasikia umeanza kazi, na kila jioni unarudi nyumbani umefura kwa sababu wakubwa wako hawapendi kuulizwa maswali. Vizuri. Endelea kufura. Sikuandikii ili nikupoze. Nakuandikia kwa sababu umri wako niliupitia, na ubishi wako naujua ulikotoka. Mama yangu alikuwa akisema mimi nilizaliwa nikimuuliza mkunga kwa nini amechelewa.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwenye stesheni moja upande wetu wa Shinyanga, katika reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza. Usiidharau ukadhani ilikuwa stesheni ya porini. Siku ya treni pale palijaa watu kama mnadani: wakulima wa pamba, akina mama wenye mchele wa Kahama, wachimbaji wa almasi kutoka Maganzo na chekeche zao mgongoni, wanafunzi, wagonjwa, na kuku. Jukwaa la kupandia treni lilikuwa tuta fupi la udongo. Mabehewa ya daraja la tatu yalisimama mbali nalo, juu ya kokoto, na watu walipanda kwa kuparamia, huku mmoja akivuta mkono na mwingine akisukuma makalio.

Ikaamuliwa stesheni ipanuliwe. Jukwaa lirefushwe, liinuliwe mpaka usawa wa milango ya mabehewa, lijengwe kwa mawe na saruji. Mimi, mwajiriwa mpya wa reli, nikatumwa kuhesabu abiria kwa mwezi mzima, kisha nibaki pale kama msaidizi wa msimamizi wa ujenzi. Nilikaa na daftari langu karibu na mlango wa behewa, nikaandika kila aliyepanda kwenye safu yake: wanaume, wanawake, watoto, mizigo mikubwa, wasiojiweza. Nilihesabu kwa uangalifu, mwanangu. Hakuna aliyepanda treni ile nisimwandike.

Jukwaa likajengwa. Lilikuwa zuri, refu, limenyooka. Kwa kuwa sasa lilikuwa juu, mtu alilifikia kwa ngazi sita za saruji zilizowekwa upande wa uani. Ngazi zenyewe zilikuwa nyembamba na kila moja ilikuwa ndefu kama ya kupandia ghalani.

Jumanne ya kwanza baada ya kazi kukamilika, nikasimama juu kabisa kuangalia watu wakilitumia. Niliona fahari kana kwamba nimelijenga kwa mikono yangu. Treni ikaingia. Wanaoshuka wakakutana na wanaopanda kwenye ngazi zile nyembamba, magunia yakagongana, mtu akapoteza kandambili. Na pale chini, nje ya msongamano, alikuwa ameketi Bibi Milembe.

Bibi Milembe alikuwa ameanguka kisimani miezi mingi nyuma, na nyonga yake haikurudi mahali pake. Alitembea kwa fimbo, hatua fupi fupi, na mguu mmoja haukukubali kupanda kitu chochote kirefu kuliko kizingiti. Hospitali ya Mwanza ilikuwa na daktari wa mifupa, mgeni, ambaye angeondoka mwisho wa wiki ile. Treni zilikuwa mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Barabara wakati ule ilikuwa imekatwa na mvua. Kwa hiyo alikuwa na treni mbili tu, na moja ilikuwa imesimama mbele yake inapiga honi.

Pembeni yake alikuwa Mama Zuhura, muuza vitumbua, mama wa Kiislamu wa pale mjini ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Alimshika mkono akajaribu kumpandisha. Ngazi ya kwanza iliwashinda. Wanaume wote walikuwa wanagombania milango. Aliyebaki chini alikuwa mmoja, Shija, mchukuzi wa mizigo, kijana ambaye angeweza kubeba gunia la pamba na mwenye gunia pamoja.

Nikapiga kelele kutoka juu: "Shija! Mbebe huyo bibi, haraka!"

Shija hakusogea. Aliweka mikono nyuma na kugeuza uso.

"Unasubiri nini? Mbebe!"

"Siwezi, dada."

"Huwezi nini, na magunia unayabeba?"

Mama Zuhura ndiye aliyenijibu. "Wewe Kabula, umesoma mpaka umesahau kwenu? Huyo ni mkwe wake! Amemuoa binti yake."

Mwanangu, huenda ninyi mmeshaacha, lakini kwetu Usukumani mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Akimwona njiani anampisha. Hamtazami usoni, seuze kumkumbatia kifuani hadharani. Mimi nililijua hilo tangu mtoto. Lakini nilikuwa nimetoka chuo, kila kitu cha wazazi wetu nakiuliza kina kazi gani, na nisipopata jibu nakitupa. Nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya: "Hizo ni mila za ujinga! Mtu anakosa matibabu kwa sababu ya ukwe?"

Bibi Milembe akavuta kanga yake akafunika kichwa, akanitazama.

"Binti," alisema, "nikibebwa na mkwe wangu nitafika Mwanza, na mguu utapona. Halafu nitarudi nao nyumbani kwa uso gani?"

Nikataka kusema neno. Hakunipa nafasi.

"Wewe ndiye uliyekaa hapa na daftari. Nilikuona. Umewaandika waliopanda. Sisi tulioshindwa kupanda umetuandika wapi?"

Treni ikaondoka.

Nilimfuata mkuu wa stesheni siku ileile. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. Nikamwambia ngazi zile ziongezewe mteremko, njia ya kupanda taratibu isiyo na ngazi, apite mzee, mama mjamzito, mwenye mkokoteni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu Kabula, mchoro una ngazi."

"Mchoro umekosea."

"Mchoro umesainiwa."

"Ndiyo, umesainiwa na umekosea."

Akavua miwani. "Kwani huyo bibi hana watu wa kumbeba?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu, mwanangu. Ni maneno yangu mwenyewe yaliyokuwa yametoka kinywani mwake. Nami sasa nilijua ubaya wake. Mtu mwenye akili timamu na heshima zake unamwambia asubiri kubebwa kama furushi, halafu unamwita mjinga akikataa.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Mama Zuhura. Yeye akaenda kwa akina mama wa kikundi cha kulimiana, wale ambao leo wanalima shamba la huyu na kesho la yule. Wakaja kumi na wawili na majembe yao na karai. Shija akaleta mkokoteni wa stesheni bila kumuuliza mtu. Nyuma ya uzio kulikuwa na mawe yaliyobaki kwenye ujenzi na mataruma ya zamani ya chuma, yale ya kulazia reli, yamelala kwenye nyasi. Tukaanza kujaza udongo wa moramu kando ya ngazi, mawe chini, mataruma pembeni kuzuia udongo usimomonyoke.

Mkuu wa stesheni akatoka mbio. "Acheni! Acheni! Hii ni mali ya reli!"

Mama Zuhura hakuinua hata mgongo. "Na sisi ni mali ya nani?"

Akina mama wakacheka, majembe yakaendelea.

Akanigeukia mimi. "Nitaandika barua makao makuu. Utafukuzwa kazi."

"Iandike," nikamwambia. "Jina langu ni Kabula, lina herufi sita, usikosee hata moja."

Niliogopa, nisikudanganye. Mshahara wangu ndio uliokuwa unasomesha wadogo zangu. Lakini kuna hofu ambayo ukiisikiliza mara moja unaisikiliza maisha yako yote, na mimi sikutaka kuanza.

Alhamisi mchana tukadhani tumemaliza. Tukamwita Bibi Milembe ajaribu. Alipotokea, Shija alidondosha jembe akajificha nyuma ya behewa la mizigo lililoegeshwa pale, akina mama wakacheka tena. Bibi akaegemea fimbo, akapanda hatua nne, akasimama, akavuta pumzi.

"Mama Zuhura," akasema, ingawa mkwe wake alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno, "mwambie huyo kijana aliyejificha kwamba hii si njia, huu ni mlima. Mbuzi atapita. Mimi sipiti."

"Nimesikia, mwambieni nimesikia," ikajibu sauti nyuma ya behewa.

Mimi mwenye digrii nilikuwa nimeukadiria ule mteremko kwa hatua zangu mimi, msichana mwenye nyonga mbili nzima. Safari hii nikauliza kabla ya kuchimba. Nikamwomba Bibi atembee uwanjani, mahali palipoinuka kidogo, na pale aliposema "hapa naweza," ndipo tulipochukua kipimo. Mteremko ukawa mrefu mara mbili. Tukarudia kazi mpaka jioni, na Ijumaa asubuhi tukaushindilia kwa mapipa yaliyojaa maji.

Treni ya Ijumaa ikaingia. Na unajua nani waliovamia mteremko kwanza? Wazima! Wenye magunia, wenye baiskeli, wachimbaji na chekeche zao, akina mama na watoto mgongoni. Wote waliona palivyo rahisi wakaziacha ngazi. Bibi Milembe akakwama tena chini, sasa kwa wingi wa watu. Nikaona treni ile nayo itaondoka bila yeye.

Mama Zuhura akapanda katikati ya mteremko, akaweka sinia lake la vitumbua chini, akapanua mikono.

"Atakayekanyaga kitumbua changu atakijua! Mpisheni Bibi! Mmezaliwa na miguu ninyi, hamkuinunua!"

"Mama, treni inatuacha!" akalalamika mchimbaji mmoja.

"Pita ngazini, mwanangu. Si ndizo mlizojengewa?"

Wakapisha. Bibi Milembe akapanda. Fimbo, mguu, pumzi. Fimbo, mguu, pumzi. Hakuna aliyemshika. Juu, mkuu wa stesheni alikuwa na bendera yake ya kijani mkononi. Niliitazama ile bendera kama mtu anayetazama nyoka. Alimwangalia bibi, akaangalia saa yake, na bendera akaishikilia chini mpaka bibi alipovuka mlango wa behewa kwa miguu yake. Kisha akaipandisha, na barua yake akaipeleka vilevile.

Bibi alirudi baada ya wiki kadhaa, bado na fimbo, lakini akipanda kizingiti bila kushika ukuta. Aliponipita uani alisema neno moja tu, "Wabeja," kwa Kisukuma chetu. Asante. Mimi sikufukuzwa. Nilihamishiwa masjala, kwenye mafaili na vumbi, mahali wanapowekwa watu wenye midomo. Mvua zikauchimba mteremko, akina mama wakaujaza tena. Baadaye ukamwagiwa saruji na watu walewale wa reli waliousema vibaya, wakajipongeza kwenye taarifa yao. Waache wajipongeze. Watu wanapita.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usikubali mtu akuambie jambo haliwezekani kwa sababu limesainiwa. Ila ukitaka kulipinga, usiishie kupayuka ofisini. Chukua jembe, tafuta akina Mama Zuhura wako, na mfanye kitu ambacho watu wanaweza kukikanyaga kwa miguu. Heshima ya mtu usiihesabu kuwa ujinga kwa kuwa tu inakuchelewesha wewe. Jengo ndilo libadilike lifae watu. Na kila unapopewa daftari kuhesabu, kabla hujalifunga simama, utoke nje, uangalie nani ameketi kando ya uzio na hakuja mbele yako. Kamuulize. Katika maswali yako yote makali unayowauliza wakubwa, lipo moja lazima ujiulize mwenyewe: nimemwacha nani?

Mungu akujalie ukaidi usiochoka na masikio yasiyo na kiburi. Akuweke mahali ambapo sauti yako itamfaa mtu, na akikuweka masjala, akupe macho ya kusoma.

Maana ni huko masjala, nywele zangu zimeshaanza kuwa nyeupe, nilikofungua faili la stesheni ile kwa mara ya kwanza. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiwalaani waliochora ngazi. Ndani ya faili nilikuta mchoro wa mwanzo kabisa, ambao sikuwahi kuonyeshwa. Ulikuwa na mteremko, mpana, mrefu, umechorwa vizuri. Ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na kando yake mtu ameandika sababu: kwa mujibu wa hesabu ya Ndugu Kabula, abiria wasiojiweza katika stesheni hii hawapo.