Kumbe na Punda wa Manispaa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, hata kwa mama mkwe wake, aliitwa Kumbe, kwa sababu hilo ndilo neno lililowatoka watu midomoni kila alipowahadithia jambo. Alikuwa dereva wa lori la taka la manispaa. Wapakiaji wakihangaika na mapipa, yeye hutoa kichwa dirishani na kumvizia mpita njia.

"Mama, unajua matairi ya kwanza ya magari hayakuwa meusi? Yalikuwa meupe. Huu weusi ni masizi, yanatiwa ili mpira usiishe upesi."

"Kumbe!" anasema mama wa watu, na ndoo yake ya taka bado iko mkononi. Kumbe anatia gia na kuondoka, uso unamng'aa kama bwana harusi.

Alikuwa na kasoro moja. Hakupenda kumaliza jambo. Akishaona macho yamemtoka mtu, kwake kazi imekwisha; maelezo aliona yanapunguza utamu. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa akimwambia, "Wewe baba watoto unawavalisha watu mashati yasiyo na mikono. Siku moja yatakuvaa mwenyewe."

Siku yenyewe ilikuja Mkurugenzi wa manispaa alipoharibikiwa na gari lake njiani. Jua lilikuwa kali, mkutano unamsubiri, na chombo cha kwanza kupita kilikuwa lori la taka. Mkurugenzi alipanda, akaziba pua kwa tai, akakaa ukingoni mwa kiti kama kuku anayetaka kutaga.

Kumbe hakuamini bahati yake. Abiria mkubwa namna ile, na hana pa kukimbilia!

"Mheshimiwa, kile kifaa kinachoshikilia mwendo wa gari dereva asipokanyaga mafuta, unajua aliyekibuni alikuwa kipofu?"

Mkurugenzi alishusha tai kidogo. "Kipofu? Halafu sisi tunahangaika kuwapima macho madereva!"

Kumbe alipaswa kushtuka pale pale. Hakushtuka. Alinogewa.

"Na hili lori wanasema lina nguvu za farasi mia moja na hamsini. Lakini farasi mwenyewe, Mheshimiwa, akijikaza, hatoi nguvu ya farasi mmoja. Anatoa kama kumi na tano!"

"Acha utani."

"Kweli tupu."

Njia nzima Mkurugenzi alikuwa anapiga hesabu, vidole vikicheza juu ya goti. Walipofika ofisini Kumbe alikuwa na la kuongeza, kwamba nguvu hizo farasi anazitoa kwa sekunde chache tu kisha anaishiwa. Akaona acha, atamalizia siku nyingine.

Siku nyingine haikupatikana. Wiki iliyofuata alifika kazini akakuta mahali pa lori lake pako wazi, na pamebaki doa la oili. Alipouliza, aliambiwa aende kwa Mkurugenzi.

"Hongera!" Mkurugenzi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Farasi kumi ni sawa na lori zima. Hawali dizeli, hawapasuki tairi. Lori tumeliuza. Farasi hawakupatikana, tumechukua punda."

Kumbe aliuchomoa mkono wake. "Mheshimiwa, ile ilikuwa sekunde chache tu."

"Sekunde chache zikijumlishwa zinakuwa saa."

"Na wale ni farasi, Mheshimiwa. Punda ni punda."

"Punda," alisema Mkurugenzi, akikaa vizuri kitini, "ni farasi aliyebana matumizi. Nimeandaa uzinduzi, na wewe ndiye dereva mkuu."

Usiku ule hakula. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwonea huruma. "Nitakuja huko kwenye uzinduzi," alisema. "Usisimame peke yako na aibu yako."

Siku ya uzinduzi uwanja ulipambwa. Kulikuwa na viti vya wakubwa, spika kubwa kama makabati, na utepe mwekundu ulionyoshwa kati ya nguzo mbili. Mkurugenzi aukate, mikokoteni ipite, watu washangilie. Ndivyo ilivyopangwa. Kumbe alitangulia na punda jike mzee aliyefungwa mkokoteni, wengine na mikokoteni yao wakamfuata.

Upepo ukavuma. Utepe ukaanza kupigapiga, pa pa pa. Punda jike akautazama, akakita miguu yake minne chini kama nguzo za umeme, akagoma. Walio nyuma nao wakagoma, hatua chache kabla ya utepe. Kumbe alibembeleza, akasukuma, akavuta mpaka viatu vikamtoka. Punda hakupepesa jicho.

Mkurugenzi alimwinamia Kumbe, tabasamu limeganda kwa ajili ya wapiga picha. "Ana nini huyu mkaidi?"

"Si ukaidi, Mheshimiwa. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, atazame kwanza. Anaogopa huo utepe. Tuushu..."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Kumbe alikuwa anataka kumaliza, lakini Mkurugenzi alishafika kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wanyama hawa wamesimama kwa heshima ya viongozi wenu!"

Watu wakapiga makofi. Spika zikanguruma. Punda wakazidi kuogopa, na kwa hiyo wakazidi kuheshimu. Zikafuata hotuba, hotuba juu ya hotuba, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyetaka kukaa chini akaonekana ameshindwa na punda. Jua likawachoma wote bila kujali cheo.

Mke wa Kumbe alivumilia mpaka alipomwona mumewe anayumba kwa kiu. Akainuka, akatoa mkasi wake wa kazi kwenye mkoba, akapita katikati ya wageni, akaukata utepe, kwacha! Akaukunja vizuri akauweka mkobani, maana kitambaa kilikuwa kizuri. Punda jike alitazama ile nafasi tupu, akatikisa masikio, akaenda zake. Wengine wakafuata. Mkurugenzi alibaki na mkasi wa dhahabu mkononi, hana cha kukata.

Hasira yake ilikuwa ya kiofisi. Alitangaza kwamba mradi umefunguliwa na mtu asiyehusika, kwa hiyo haujazinduliwa. Na kwa kuwa haujazinduliwa, hauna fungu la majani wala la matandiko. Kumbe alibaki na punda ambao ofisi haikutambua kwamba wanafanya kazi. Aliwalisha mabaki ya mboga aliyoyaomba sokoni, mkewe akawashonea mito ya mgongoni ili kamba zisiwachubue.

Taka za barabara kuu zilirundikana, hilo halikuwa na dawa. Lakini kule vichochoroni, ambako lori halikuwahi kuingia hata siku moja, mkokoteni ulipita kuta zikiwa karibu kuugusa. Watu walioishi miaka na jalala mlangoni wakaanza kuona sakafu za vichochoro vyao. Punda jike alizijua nyumba kabla ya Kumbe, akasimama mwenyewe kila penye pipa.

Mwaka haukuisha, Mkurugenzi akapandishwa cheo kwa ubunifu. Aliyekuja badala yake alifuta miradi yote aliyoizindua mwenzake, akanunua lori jipya, na usukani wake akampa mpwa wake. Na punda nao alitaka kuwafuta, ila makarani walipekua weee, wakamwambia haiwezekani kufuta kitu ambacho hakijaanza.

Basi wakaendelea. Asubuhi moja mpwa wa bosi alimkuta Kumbe mdomoni mwa kichochoro, akamwuliza kwa dharau kama hakumbuki raha ya kukaa juu ya lori.

"Nakumbuka mgongo ulivyokuwa unaniuma," alisema Kumbe. Punda jike alikuwa ameshaingia ndani, naye akamfuata.