Wingu la Gesi Lililotia Hofu Burungu

Alhamisi nilipigiwa simu kutoka Walikale nikaambiwa kwamba mama niliyefanya naye kazi redioni, mwalimu wa fizikia aliyetuandalia kipindi cha sayansi, amefariki kwa homa. Nilishukuru kwa taarifa, nikaendelea kuandika. Mtanisamehe, wasomaji wangu. Misiba imetuchosha hata kushtuka tumesahau.

Siku moja alieleza hewani kuwa jua letu, pamoja na dunia, linapita ndani ya wingu la gesi lililotanda kati ya nyota. Alisema kweli tupu. Lakini kwetu gesi ni mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kuua mbuzi na watoto mabondeni. Kesho yake tukasikia kwamba kijijini Burungu, huko Masisi, watu wanafunga magodoro wakimbie. Nikamwambia tutasahihisha katika kipindi kijacho.

“Wiki nzima, kaka? Bale bantu bamekimbia vita mara ngapi? Leo bakimbie juu ya kinywa yangu?” akasema mwalimu.

Akapanda pikipiki, na barabara ilipoharibika kabisa akashuka akatembea kwenye tope. Nilimfuata kwa aibu tu. Njiani tulikutana na mwanamke muuza maziwa akikimbia, mtoto mgongoni, ng’ombe wake wawili mbele.

“Mama, ile gaz itafika siku gani?” akauliza.

“Tuko ndani yake tangu zamani za mababu. Iko nyepesi sana. Hewa ya mu bidon yako moja ya maziwa, uitawanye juu ya Masisi na Walikale yote, ingali nzito kuliko ile. Haiwezi kuua hata nzi. Mimi njo nilieleza mubaya. Unisamehe.”

Yule muuza maziwa akakaa juu ya mzigo wake, akacheka, kisha akalia. “Nilishachoka kukimbia,” akasema, akageuza ng’ombe kurudi nyumbani.

Tulipofika Burungu, mwenzangu akapita nyumba kwa nyumba akirudia maneno yale mpaka sauti ikakauka. Familia moja ilikuwa imeshaondoka kuelekea Ngungu. Hakuipata, na kila tulipoonana baadaye aliniuliza kama nimesikia habari zao. Sikuwa nazo.

Sisi wa kalamu na maikrofoni hudhani kosa huisha likishasahihishwa. Kumbe aliyekwisha kubeba godoro kichwani hana redio mkononi. Anayesema na watu waliochoka apime neno kabla halijamtoka. Na likiwatoa nyumbani, awafuate kwa miguu yake mwenyewe, awaambie: nilikosea, rudini.